Mwenyekiti Alijibu "No": Kisa cha Kontena Moja la Parachichi

Kwa nini nakiandika

Kazi yangu ni kuvisaidia vikundi vya wakulima kusoma mikataba. Kwa kawaida naitwa mkataba ukiwa umeshatiwa saini na maji yameshamwagika, na hapa ilikuwa hivyohivyo. Pande zote mbili zimeniruhusu kukieleza kisa hiki ili wengine wajifunze, kwa sharti kwamba nisitaje kikundi, kampuni, wilaya wala jina la mtu. Nimeondoa pia mambo machache ambayo mtu wa maeneo yale angeyatambua upesi.

Waliponipigia simu waliniambia kuna mzungu amewaibia wakulima. Nilikwenda nikiwa na hasira yangu tayari. Nilikaa na makaratasi siku mbili nikimtafuta mwizi na sikumwona. Hesabu zilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho, na hakuna aliyekuwa amesema uongo. Hata hivyo wakulima walikuwa wamepoteza zaidi ya milioni kumi, kampuni ilikuwa imepoteza msimu, na watu waliokula sahani moja walikuwa hawasalimiani. Jambo hilo ndilo lililonikosesha usingizi, maana mwizi akipatikana unajua la kumfanya.

Mazingira

Kikundi kilikuwa na wanachama 214 katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Wengi wana miti michache ya parachichi aina ya Hass pembeni ya mahindi na viazi, wachache wana ekari mbili tatu. Kabla ya hapo waliwauzia madalali wanaokuja na makreti na fedha taslimu, wanachagua matunda makubwa na kuyaacha mengine chini ya mti. Mnunuzi kutoka Ulaya alikuwa tumaini jipya.

Ninaposema Ulaya sisemi Uingereza. Mwakilishi wa kampuni ile, ambaye nitamwita Mnunuzi, nyumbani kwao hasemi Kiingereza. Alikisoma shuleni, anakitumia kazini kila siku, na kwa watoto wake anarudi kwenye lugha ya mama yake. Kwa hiyo katika kikao chake na kikundi Kiingereza kilikuwa mgeni kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa amekaa na mgeni huyo miaka ishirini.

Upande wa kikundi walikuwapo watu watatu wa kuwatazama kwa makini. Mwenyekiti ana miaka sitini na ushee, amemaliza kidato cha nne, mtu wa maneno machache na heshima kubwa kijijini. Elimu yetu ya msingi hutolewa kwa Kiswahili na ya sekondari kwa Kiingereza, na mara ya mwisho yeye kukitumia Kiingereza chake kwa jambo zito ilikuwa ndani ya chumba cha mtihani. Watu wa namna hiyo tunao wengi: wana Kiingereza cha kujibu maswali, hawana Kiingereza cha kuuliza.

Mweka hazina, nitakayemwita Mama Hazina, ni mama aliyeishia darasa la saba. Analishika tunda mkononi, anaukwaruza ukonyo kwa ukucha, kisha anakwambia likichumwa leo litalainika baada ya siku ngapi. Katika kikundi kizima hakuna anayeyajua matunda na fedha kama yeye. Katibu ni kijana aliyetoka chuo kikuu miaka mitatu kabla, Kiingereza chake kinatiririka, na kahangaika sana kumtafuta mnunuzi huyu. Ni mtoto wa pale pale, na Mwenyekiti ni mkubwa kuliko baba yake.

Mezani kulikuwa na njia mbili za kuuza. Ya kwanza ni bei ya shambani: kampuni inalipa bei iliyopatanwa, tunda likishapimwa na kupita, ni lao, na hasara ya njiani ni yao. Ya pili ni ile wafanyabiashara wetu tangu zamani wanaiita mali kauli: mkulima anakabidhi mzigo, anapewa fedha kidogo za kuanzia, tunda linabaki lake hadi liuzwe kule ng'ambo, kisha nauli ya meli, gharama za ubaridi, ushuru wa bandari na kamisheni vinakatwa, na kinachobaki ndicho chake. Soko likiwa juu unafaidi. Matunda yakifika laini, unayabeba mwenyewe.

Kontena la ubaridi la futi 40 hupakia palati 20, kila palati boksi 264 za kilo nne. Hizo ni boksi 5,280, yaani kilo 21,120. Hesabu zote za kisa hiki zinatoka kwenye kontena moja la namna hiyo.

Mtiririko wa matukio

Usiku wa kuamkia kikao, kamati ilikutana nyumbani kwa Mwenyekiti. Walizungumza Kiswahili, na wazee walipotaka kubishana kwelikweli walihamia lugha ya nyumbani. Mama Hazina alieleza kwa nini mali kauli haifai kwa mwaka wa kwanza. Miti ya wanachama haijakomaa sawasawa, matunda yatachanganyika, na safari ya meli ni ya takriban mwezi mzima. "Tunda la huku likilainika chini ya mti nalila," alisema. "Likilainika baharini nani anakula?" Walikubaliana wote: bei ya shambani, na wasishuke chini ya shilingi 1,500 kwa kilo. Daftari la kikao hicho nimelisoma, limeandikwa vizuri.

Asubuhi Mnunuzi alikuja na kompyuta na michoro ya bei za soko la Ulaya. Alizungumza karibu saa moja, kwa adabu na kwa kasi. Katibu alitafsiri mwanzoni sentensi kwa sentensi, baadaye aya kwa aya, mwishowe akawa anajibu mwenyewe na kuwapa wenzake muhtasari. Mama Hazina hakusema neno kwa saa tatu zote. Alikuwa na maswali manne aliyoyaandika nyuma ya stakabadhi ya mbolea, ambayo alinionyesha baadaye. Moja lilikuwa: "Nani analipa umeme wa kontena?"

Sasa naomba msomaji asogee karibu na meza.

Mnunuzi alikuwa ameeleza mali kauli kwa shauku, Katibu ameitikia kwa kichwa, na wazee wako kimya. Mnunuzi akageuka kumheshimu Mwenyekiti, akamuuliza moja kwa moja kwa Kiingereza, taratibu, swali ambalo kwa Kiswahili lingekuwa: "Kwa hiyo, bei ya shambani hamuitaki?"

Mwenyekiti alilielewa swali vizuri sana. Akatikisa kichwa, akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti thabiti: "No."

Sisi tukiulizwa "Hujala?" tunajibu "Ndiyo, sijala" au "Hapana, nimekula." Tunaijibu kauli ya muulizaji, kama ni kweli au si kweli. Mwenyekiti alikuwa anasema: hapana, si kweli, bei ya shambani tunaitaka. Kwa Kiingereza, na kwa lugha ya kwao Mnunuzi, jibu linalenga jambo lenyewe. Aliposikia "no" alielewa: hatuitaki. Akatabasamu, akaandika kitu, akafungua ukurasa uliofuata. Mwenyekiti naye akaegemea kiti chake, amemaliza kazi aliyotumwa na wenzake.

Mtu mmoja tu chumbani angeweza kuiona ajali ile, naye ni Katibu. Nilimuuliza faragha. Alinyamaza kwanza, halafu akasema: "Nilidhani Mzee amebadilisha mawazo baada ya kuona michoro. Na hata kama amekosea, mimi ni mtoto wake. Ningemkosoaje mbele ya mgeni?"

Wiki mbili baadaye mkataba ulikuja, kurasa kumi na moja za Kiingereza. Ulisema kikundi kitapewa shilingi 900 kwa kilo kama fedha za kuanzia, na bei ya mwisho itategemea ubora wa matunda yakifika pamoja na kiasi yatakachouzwa. Katibu aliusoma kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya kamati, akitafsiri papo hapo. Shilingi 900 aliziita "malipo ya kwanza". Kifungu cha bei alikitafsiri hivi: "Bei ya mwisho itazingatia ubora."

Yapime maneno hayo mawili. Malipo ya kwanza kwa mkulima wetu ni awamu, maana yake kuna ya pili inayojulikana. Na "kuzingatia ubora" ni maneno ambayo kila mkulima mzuri anayapenda. Matunda yetu ni mazuri, basi tutalipwa vizuri. Laiti angesema "itategemea watakavyouza kule", Mama Hazina angesimama hapo hapo. Kamati ikasikia: 900 sasa, 600 baadaye, jumla 1,500 kama tulivyopanga usiku ule. Wakatia saini.

Siku ya kuchuma, Mnunuzi alituma ujumbe kwamba lori litakuwa shambani "7". Katibu, kwa haraka, akaandika kwenye kundi la WhatsApp: gari saa 7. Lori likafika saa moja asubuhi, mashamba matupu. Wachumaji walikuwa wamejipanga kuwa tayari saa saba mchana. Dereva alisubiri saa sita, akadai fedha za kusubirishwa, na Mnunuzi akaandika kwa wakubwa wake kwamba wakulima hawa ni wazuri ila si watu wa kuaminika kwa muda. Barua hiyo alinionyesha mwenyewe, baadaye, kwa aibu. Wanakikundi kwa upande wao walisema mzungu hana subira.

Matunda yalisafiri. Sehemu yake yalifika yameanza kulainika, hasa yale yaliyotoka kwenye miti iliyokomaa mapema, kama Mama Hazina alivyoonya. Hesabu ya mauzo ikaja kwa barua pepe, ukurasa mmoja wenye mistari kumi na minne. Baada ya makato yote, kilichobaki kwa kikundi kilikuwa shilingi 110 kwa kilo juu ya zile 900.

Walitarajia 600 kwa kilo, yaani shilingi 12,672,000. Walipata 2,323,200.

Kijiji kilijaa maneno. Wengine walisema Katibu amekula na mzungu, na mtu akamwandikia matusi mlangoni. Kontena la pili lilikuwa limeshaagizwa na nafasi melini imelipiwa. Wanachama wakawauzia madalali usiku usiku, na kontena likaondoka nusu tupu. Mnunuzi akaandika kwamba anafikiria kwenda kwa sheria. Hapo ndipo niliitwa.

Maamuzi niliyoyafanya, na sababu zake

Nilianza na Mama Hazina badala ya kikao. Tulikaa barazani kwake siku mbili na ule ukurasa wa mistari kumi na minne, tukiutia Kiswahili mstari mmoja mmoja, na kila mstari yeye akauliza mpaka akaridhika. Nilimchagua kwa sababu nilitaka watu wausikie ukweli wa hesabu kutoka kwa mtu wanayemwamini kwa fedha. Mwisho wa siku ya pili alifunga daftari, akasema, "Mwanangu, hapa hakuna wizi. Hapa hatukusikilizana." Kauli hiyo ilituliza kijiji kuliko barua yoyote ambayo ningeandika.

Kisha nikaomba kikao cha pande mbili, nikaweka taratibu ambazo Mnunuzi mwanzoni aliziona za kitoto. Hakuna swali la kukanusha: huulizi "Hamtaki?", unauliza "Mnataka kipi?", na anayejibu analitaja jambo lenyewe kwa sentensi nzima. Kila makubaliano yanarudishwa na upande wa pili kwa maneno yao, "kwa hiyo umesema hivi", kabla ya kuendelea. Kila namba inaandikwa ubaoni, na kila saa inaandikwa pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku.

Utaratibu niliousimamia kwa nguvu zaidi ulikuwa mapumziko ya lugha. Kabla ya uamuzi wowote wa fedha, kamati inatoka nje dakika kumi na tano, inazungumza kwa lugha inayoipenda, inarudi na jibu. Mnunuzi naye nilimwomba atumie dakika hizo kupiga simu kwao na kulizungumza jambo kwa lugha ya nyumbani kwake. Mara ya kwanza alishangaa. Mara ya tatu alirudi amebadilisha pendekezo lake, akakiri kwamba alipolieleza kwa lugha yake aliona lina tobo.

Kikao ambacho mwanzo kilichukua saa tatu, safari hii kilichukua siku mbili. Hiyo ni gharama halisi, na kampuni ililipa hoteli na chakula cha ziada. Siwezi kusema ni jambo dogo.

Matokeo

Kampuni haikuwa na deni kisheria. Iliongeza shilingi 150 kwa kilo, jumla 3,168,000, ikieleza kwa barua kwamba inashiriki gharama ya kutoelewana. Fedha za kusubirishwa kwa lori waliziacha.

Msimu uliofuata walipatana bei ya shambani, shilingi 1,400. Ni chini ya ile 1,500 ya ndoto ya mwanzo, kwa sababu Mnunuzi alionyesha ubaoni ni kiasi gani anakiweka pembeni kwa hatari ya njiani, na Mama Hazina alikubali hesabu hiyo baada ya kuibishia mara mbili. Wanachama wenye miti iliyokomaa sawasawa waliruhusiwa kupeleka sehemu ya mazao kwa mali kauli, kwa hiari yao, majina yakaandikwa. Mkataba mpya una safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia. Neno "itategemea" limo.

Wanachama 38 walijitoa na hawajarudi. Katibu alibaki, ingawa sasa hatafsiri. Anasoma mkataba nyumbani, kisha mtu mwingine anatafsiri kikaoni. Mwenyekiti alijiuzulu.

Uchambuzi

Nianze na lile linalosemwa haraka: "Wangejifunza Kiingereza." Mwenyekiti alilielewa swali. Sarufi ya "no" haimshindi mtu wa kidato cha nne. Aliyekosea ni mtu aliyetumia mantiki ya lugha yake ndani ya maneno ya lugha nyingine, na hilo humpata hata msomi. Ndiyo maana kozi ya Kiingereza isingemwokoa. Kingemwokoa kikao kinachotaka sentensi nzima.

Jambo zito zaidi kwangu ni jinsi lugha ilivyogawa upya madaraka chumbani. Usiku wa jana yake, uzito wa neno ulikuwa kwa Mama Hazina kwa sababu anayajua matunda. Asubuhi uzito ulihamia kwa Katibu kwa sababu anaijua lugha. Hakuna aliyepiga kura juu ya hilo. Tsedal Neeley, mtafiti wa Harvard aliyechunguza kampuni ya Kifaransa iliyohamia Kiingereza, alikuta kwamba wafanyakazi wasiokuwa wazawa wa lugha hiyo walihisi wameshuka hadhi, hata wale waliokijua Kiingereza vizuri. Katika kisa chetu aliyeshuka hadhi alikuwa ndiye mwenye ujuzi uliohitajika siku ile. Yale maswali manne nyuma ya stakabadhi yangetosha. Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara naumia.

Kuna swali lingine ambalo limenisumbua. Baadhi ya wanakamati wanaokijua Kiingereza kiasi walikiri kwamba walielewa kuwa Mnunuzi anaongelea mali kauli, na hawakushtuka. Usiku ule, kwa Kiswahili, walikuwa wameiogopa kama moto. Kulikoni?

Mwaka 2012, Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio juu ya jambo hilohilo. Katika moja waliwapa Wamarekani waliokuwa wakijifunza Kihispania dola 15, wakawaachia wacheze dau la dola moja moja kwa kurusha sarafu: ukishindwa dola inakwenda, ukishinda unaongezewa dola moja na nusu. Waliozungumziwa kwa Kiingereza, lugha yao, walikubali asilimia 54 ya madau. Waliozungumziwa kwa Kihispania walikubali asilimia 71. Lugha ya kujifunza inapunguza makali ya hofu. Neno "hasara" kwa lugha uliyolelewa nayo lina sura ya baba akirudi kutoka mnadani mikono mitupu. Kwa lugha ya darasani ni neno la kamusi.

Wengine wanalichukua jaribio hilo kama sifa ya lugha ya kigeni, kwamba inatufanya wenye busara. Mimi nawaomba wasome masharti yake. Dau lile lilikuwa na faida, ukizidisha na kugawanya, na wachezaji waliyajua masharti yote. Aliyepunguza hofu alifaidika kwa sababu namba zilikuwa wazi mbele yake. Kamati yetu ilipungukiwa hofu huku namba zikiwa zimefichika ndani ya kurasa kumi na moja. Hofu ya Mama Hazina usiku ule ilikuwa ujuzi wa miaka ishirini wa kushika matunda, na ilipozimwa hakikuletwa kitu badala yake. Siwezi kuthibitisha kwamba ndicho kilichotokea vichwani mwao. Ila ndiyo sababu nilisisitiza mapumziko ya lugha: waisikie hatari kwa lugha ya nyumbani, kisha waihesabu ubaoni.

Upande wa pili wa jambo hilo ulitusaidia, na haki yake niiseme. Katika kikao cha upatanisho kuna wakati mzee mmoja alitoa maneno makali sana juu ya Mnunuzi na mama yake. Sikuyatafsiri neno kwa neno. Nilisema: mzee amekasirika sana na anaona amedharauliwa. Maneno yalipofika ng'ambo ya meza yalikuwa yamepoa, na Mnunuzi aliomba radhi. Wakalimani wengine watanilaumu, wana haki. Ningerudia tena.

Kuhusu lori la saa saba, tazama jinsi kosa la lugha lilivyogeuka kuwa hukumu ya tabia. Hakuna upande uliosema "tumehesabu saa tofauti". Mmoja alisema si waaminifu, mwingine akasema hana subira. Hukumu hizo ndizo zilizofanya hesabu ya mauzo isomwe kama ushahidi wa wizi miezi miwili baadaye. Kama imani ingekuwa nzima, mtu angepiga simu na kuuliza.

Nami nina kosa langu. Katika hesabu ya mauzo kulikuwa na mstari wa malalamiko ya wateja juu ya ubora. Siku ya kwanza ya mkutano mkuu niliutafsiri "madai ya ubora". Ni tafsiri ya kamusi, na niliona minong'ono ikisambaa kama moto wa nyika. Watu walisikia kwamba wanadaiwa: matunda tumetoa, hela hatujapata, na sasa anatudai! Ilinichukua karibu saa nzima kuurudisha mkutano. Tangu siku hiyo nasema "punguzo kwa matunda yaliyolainika". Ndani ya ukumbi ule Kiswahili changu nacho kilikuwa lugha ya ugenini kwa mabibi wengi, na nililisahau hilo mimi niliyekuja kuwakumbusha wengine.

Kuna tatizo ambalo hatukulimaliza. Mwanasheria wa kampuni alikubali safu mbili, lakini aliweka kifungu kwamba safu hizo zikigongana, Kiingereza ndicho kitakachoshika, na mgogoro utasuluhishwa Ulaya. Tangu mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Mabadiliko hayo ni makubwa na nayafurahia, lakini hayamfikii mkulima ambaye mkataba wake umeshamhamishia kesi ng'ambo. Tulibishania kifungu hicho jioni nzima tukashindwa. Kikundi kilitia saini kikijua kilichoandikwa. Hiyo angalau ni tofauti na mara ya kwanza.

Mwenyekiti nilimtembelea kabla ya kuondoka. Nilimkuta juu ya ngazi akipogoa matawi. Tulisalimiana, akashuka, akafuta mikono, akaniuliza jambo moja tu: pale alipoulizwa, angejibuje? Nikamwambia aseme tu sentensi nzima, kwamba tunaitaka. Aliisema kwa Kiingereza taratibu, mara mbili, akaniomba nimwandikie. Nikaiandika kwenye karatasi. Aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akapanda tena kwenye ngazi.